Mchezo wa kompyuta unaonyeshaje sonona bila kutia giza tu kwenye skrini?
Ndugu, umeuliza kama kuna njia zaidi ya mvua na rangi za kijivu. Ipo. Cheza Depression Quest ya mwaka 2013. Ni ya maandishi, bure, inafunguka kwenye kivinjari. Kila tukio lina machaguo kadhaa, lakini yale mema zaidi yamekatwa kwa mstari: unayasoma, huwezi kuyabofya. Hali ikizidi, mistari inaongezeka. Tiba ikishika, inapungua. Hapo ndipo penye nguvu yake yote.

Ukitaka kuiga, usiyafiche machaguo hayo kabisa. Mchezaji hatajua amenyimwa nini, atadhani mhusika ni mvivu tu. Na hali ya ugonjwa ieleze kwa sentensi fupi chini ya ukurasa, kama ilivyo kwenye Depression Quest. Ukiweka namba, mchezaji atapiga hesabu badala ya kuhisi.