Nenda Kikundini Hata Kama Yeye Hataki Kuacha

Kama nyumbani kwenu kuna anayetumia unga, yaani heroini, usingoje akubali matibabu ndipo na wewe ujitafutie msaada. Kikundi cha familia ni chako wewe usiyelala hadi usikie mlango, wewe unayeficha mtungi wa gesi chini ya kitanda usije ukauzwa.

Nasema hivi nikiwa dada mtu. Kakangu ametumia unga miaka mingi, na mimi na mama huhudhuria kikundi cha jamaa za watumiaji hapa Mombasa, kila wiki baada ya alasiri. Tulianza kwenda yeye akiwa bado hataki hata kusikia habari ya kuacha.

Wengi huzuiwa na sitara. Sisi Wapwani tumelelewa siri ya nyumba isitoke, na hapa Mji wa Kale mtu akionekana anaingia mlango asiouzoea, habari hufika Majengo kabla yake. Lakini majirani wanajua zamani. Wanampita mwanao kila siku maskani amesinzia. Kikundi cha kuaminika huanza kwa ahadi kwamba yaliyosemwa mle ni amana. Ukiona anayeongoza anakusimulia mambo ya familia iliyokuja juzi, ondoka, utafute kingine.

Kwetu sisi lililosaidia zaidi ni mazungumzo ya pesa. Mama alikuwa akimpa kakangu kitu kila asubuhi, maana kumwona na arosto, yale mateso ya kukosa unga, akitapika na kutetemeka, akilia mifupa inamuuma, kulimshinda. Pale kikundini kuna mama mwenye wana wawili kwenye unga. Hakumlaumu. Alimweleza tu anavyofanya yeye: chakula kipo saa zote, kliniki anampeleka mwenyewe na nauli analipa yeye, pesa mkononi hatoi, na deni la muuzaji halilipi hata aje kugonga usiku. Mama aliyapokea maneno yale kwa mama mwenzake. Ningeyasema mimi bintiye, angeona namchukia kakangu.

Huko huko ndiko tulikojua kuwa hatari kubwa huja mtu akishakaa muda bila kutumia. Akitoka jela ya Shimo la Tewa, au kituo cha kurekebisha tabia, mwili umepoteza uzoefu, na kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Ukimkuta haamki, midomo imegeuka rangi, anakoroma au pumzi zinakatika, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Waambie waziwazi ametumia nini, wapate kumpa naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga. Usimnyweshe maziwa wala kitu chochote. Hapo aibu iweke kando kabisa.

Na methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mtu badala ya unga: utasikia watu wakisema ni kuacha unga huu kwa kushika mwingine. Sikubaliani nao. Kwenye kliniki, kama ile ya Kisauni, mtu huinywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, arosto ikatulia siku nzima, na hahitaji kuiba ili apate nafuu. Ila inataka kwenda kila siku, na hapo familia ndiyo humshika mkono.

Pa kuanzia, uliza mashirika ya Reachout au MEWA, ambayo yamefanya kazi na watumiaji hapa Mombasa kwa miaka mingi, au piga 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Mwenye jamaa mlevi wa pombe aulizie Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1951 na Lois Wilson na mwenzake; mumewe Lois alikuwa miongoni mwa waasisi wa AA, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Wa dawa za kulevya wana Nar-Anon. Usipopata cha karibu, familia tatu zinatosha kuanza: siku moja isiyobadilika, saa moja, kila mtu apate zamu ya kusema bila kukatizwa. Na msichangishane pesa; zikiingia pesa, maneno hayakawii.

Kina baba ndio wanaokosekana. Wengi wao wamemkataa mtoto kwa mdomo na huku roho inawauma. Mzee akiona tabu kukaa na kina mama, asilazimishwe. Wazee wawili watatu wenye msiba huo mmoja wanaweza kukutana peke yao baada ya Isha.