Mwanangu, ulinunua koroma

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza kwa nini wali wa nazi ulioupika huko Dodoma haukuwa na mafuta wala harufu, na nazi ulitia mbili, tena kubwa. Mkeo kasema hujui kukuna. Hapo kakuonea. Ulinunua koroma, nazi ambayo haijakomaa.

Hapa Jambiani, Unguja, hata mtoto wa chuo cha Kurani huwezi kumuuzia koroma, lakini wewe bara imekusahaulisha. Nazi haiitwi nazi tangu mwanzo. Kwanza ni kidaka, vile mlivyokuwa mkiviokota chini ya mnazi kuchezea, maana vingi hupukutika vyenyewe. Halafu kitale, halafu dafu, halafu koroma, ndipo nazi. Tangu ua mpaka nazi kukomaa ni kama mwaka mzima. Ikizidi kukauka, nyama ikabanduka kwenye kifuu, lile gamba gumu la ndani, hiyo ni mbata. Dafu tunakunywa, na nyama yake laini tunaikomba kwa kipande cha kumbi lake, ganda la nje. Koroma, kwa maoni yangu, halina faida jikoni: maji yameshapungua utamu, nyama imekaza lakini mafuta bado hayajajaa. Ukilikuna unapata maji meupe tu. Mwenye haraka ya pesa huliangusha pamoja na nazi, na likishafuliwa, kumbi likatoka, nani atalijua huko sokoni?

Wewe utalijua kwa sikio. Itikise. Nazi iliyokomaa maji yake yamepungua, utayasikia yanacheza ndani. Koroma limejaa, kimya. Tazama na kifuu: cha nazi kimekoza rangi, cha koroma kimepauka. Tena chagua iliyobakishiwa nyuzi juu ya macho yake. Iliyokwanguliwa yote haikai, huvunda upesi.

Ukiipata, kamua tui la kwanza kwa maji kidogo ya vuguvugu, hilo ndilo kasimile, liweke kando. Wali upike kwa tui la pili, na maji yakikaribia kukauka ndipo umimine kasimile. Tui la pakti sitaki hata kulizungumza.

Umenichekesha uliposema huko kwenu wauzaji wanatupa "takataka za nazi". Makumbi takataka! Bibi yako akiyafukia pwani, kwenye mchanga unaofunikwa na maji kujaa na kupwa, akayawekea mawe juu yasichukuliwe na bahari. Miezi inapita. Kila mwanamke anajua shimo lake. Siku ya kuyafukua, harufu yake usiombe, na bado uyaponde kwa rungu mpaka nyuzi zitoke safi, ndipo ukae usokote kamba juu ya paja. Paja la bibi yako lilikuwa gumu kama kisigino. Kamba hizo ndizo zilizoninunulia mimi madaftari. Unakumbuka nilipokupeleka Forodhani, tukaingia Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho, ukaona ule mtepe, chombo kilichoshonwa bila msumari? Uliniuliza kimeshonwa kwa uzi gani. Ndiyo hiyo hiyo kamba ya makumbi. Jumba lenyewe upande mmoja uliporomoka Desemba 2020, na mimi cha kwanza nilichokifikiria ni ule mtepe.

Makuti, chelewa za ufagio, pawa za vifuu, hayo umekua nayo, sina haja ya kukuhadithia. Na tembo, ile pombe ya mnazi, wagema wanajua wao; nyumbani kwetu halikuingia.

Nimempa kaka yako nazi kumi akupakilie kwenye basi akifika Dar. Nimeziacha na makumbi yake ili zikae. Nimeitikisa kila moja. Najua kifuo, kile kijiti chenye ncha cha kufulia nazi, huna, basi tafuta jirani mwenye sululu, uikite chini, ncha moja iangalie juu, na mkeo asisimame karibu.

Mama yako