Maswali ya Wasomaji: Mtayarishaji wa Sherehe za Tuzo Hufanya Nini Hasa?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninasomea utangazaji, na nia yangu ni kutayarisha vipindi maalumu vya televisheni, hasa sherehe za utoaji tuzo. Kila ninapoitaja kazi hiyo huulizwa mtayarishaji hufanya nini, maana haonekani jukwaani, hachagui washindi, na kamera zina mwongozaji wake. Naomba unisaidie jibu, na unieleze mtu huanzia wapi.

JIBU: Salaam, ndugu msomaji. Ni kweli kwamba washindi hawamhusu, kwa kuwa katika tuzo kubwa kama Oscar za filamu na Grammy za muziki kura hupigwa na wanachama wa taasisi zenyewe. Mwongozaji naye huamua ni picha ya kamera ipi irushwe hewani. Lakini nani aimbe na baada ya nani, nani amkabidhi nani tuzo na hotuba ya shukrani ipewe muda gani, hayo yote huwa yameshapangwa na mtayarishaji kwa miezi mingi.

Mpango huo huandikwa katika ratiba inayokigawa kipindi kizima kwa dakika na sekunde, na kila mstari wake hueleza tukio, upande wa jukwaa atakaotokea mtoa tuzo, kipaza sauti atakachotumia na muda aliopewa. Mshindi mmoja akizidisha sekunde 40, sekunde hizo lazima zikatwe mahali pengine, pengine kwa kufuta maneno ya mshereheshaji huku kipindi kikiendelea. Ndiyo maana mazoezi hufanywa kwa makini ya ajabu: kadi zenye picha za wageni huwekwa vitini ili wapiga picha wajue nani atakaa wapi, na watu wa kuigiza nafasi za washindi hupanda jukwaani na kutoa hotuba za kubuni.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, thamani ya mtayarishaji hupimwa pale ratiba inapovurugika. Ken Ehrlich, Mmarekani aliyetayarisha sherehe za Grammy kuanzia 1980 hadi 2020, alijikuta mwaka 1998 akiwa hewani bila Luciano Pavarotti, mwimbaji wa opera kutoka Italia, ambaye alitoa taarifa usiku uleule kwamba anaumwa na hataweza kuimba. Ehrlich alijua kwamba mwimbaji Aretha Franklin alikuwa ameuimba wimbo uleule wa opera aliopangiwa Pavarotti siku mbili kabla, katika hafla ya hisani, basi akamwendea na kumwomba azibe pengo. Franklin alisikiliza rekodi ya mazoezi, akapanda jukwaani na kuimba na okestra iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya Pavarotti. Mwaka 2012 mwimbaji Whitney Houston alifariki siku moja tu kabla ya sherehe, na kipindi kikapangwa upya ili sala iombwe mapema na mwimbaji mwenzake Jennifer Hudson apate nafasi ya kumwimbia marehemu. Maamuzi ya namna hiyo hayawezekani kwa mtu asiyewafahamu wasanii kwa karibu na wasiyemwamini.

Kuhusu pa kuanzia, njia si moja. Ehrlich alitokea kwenye kipindi cha muziki cha televisheni ya umma mjini Chicago, ilhali Gil Cates, aliyetayarisha Oscar mara 14 kati ya 1990 na 2008, alikuwa mwongozaji wa filamu. Wengi huanza wakiwa wasaidizi wa utayarishaji, na ujue mapema kwamba ajira nyingi ni za mkataba wa kipindi kimoja kimoja. Ukipata nafasi ya kuchagua, omba kitengo cha kuratibu wasanii, kinachowapokea, kuwapeleka mazoezini na kuwafikisha jukwaani kwa wakati. Huko utajifunza kusoma ratiba, na utafahamiana na mameneja na wanamuziki ambao baadaye utahitaji wapokee simu yako.