Bastola Imekwama Baada ya Kusafishwa: Mwache Fundi wa Msasa

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Ninaishi Mambrui, nina leseni na ninamiliki Glock 19 ya kizazi cha tatu. Juzi niliifungua kuisafisha. Magazini nilitoa kwanza, chemba nikaitazama kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Nilipoirudisha, slaidi iliingia kwenye reli, lakini nikiivuta nyuma inakwaruza na kukwama njiani. Jamaa yangu anayetengeneza pikipiki ameniambia chumvi ya bahari imekula reli, nimwagie mafuta ya injini kwa wingi, na ikishindikana nimpelekee azipitishe msasa. Nifanyeje? (Msomaji, Mambrui)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. La kwanza, usimpelekee.

Kabla hujaifungua, slaidi yako ilikuwa ikienda na kurudi bila taabu. Umeifungua, umeifunga, imekwama. Chumvi haili reli ndani ya muda wa kusafisha bastola moja. Kilichobadilika ni mahali kitu kilipokaa, na hapo ndipo pa kutazama.

Itoe tena slaidi na uigeuze chali. Tazama springi ya kurudishia inapokutana na mtutu. Chini ya mtutu kuna nundu ya chuma, na mbele ya nundu hiyo kuna kikato cha duara mfano wa nusu mwezi. Kichwa cha fimbo ya springi lazima kilale ndani ya kikato hicho. Wengi hukiacha kimeegemea ukingo wa nundu. Kwa kuwa springi inasukuma kwa nguvu, inashikilia pale pale na mtu anadhani imekaa. Fimbo inabaki mshazari, slaidi inaingia kwenye reli kama kawaida, halafu inakwaruza na kugoma, kama ulivyoeleza. Isukume springi kidogo kwa kidole gumba, ikalishe kwenye nusu mwezi, uhakikishe fimbo imelala sambamba na mtutu.

Ukiirudisha slaidi, angalia reli. Glock haina reli ndefu; ina vibati vinne vya chuma vinavyotokeza kwenye fremu ya plastiki, viwili mbele na viwili nyuma. Mifereji ya slaidi ipokee viwili vya mbele, kisha vya nyuma, pande zote mbili. Ukiona upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, rudi mbele uanze upya. Usiugonge kwa kiganja. Vibati hivyo ni vidogo, na kikipinda kimoja tatizo la dakika moja limekuwa tatizo la karakana.

Ikishaingia, ivute hadi mwisho mara kadhaa. Kile kikomeo kidogo cha slaidi kiwe kimejiinua chenyewe pande zote mbili, maana kisipojiinua slaidi inaweza kuchomoka kwa mbele. Halafu, chemba ikiwa tupu na mtutu umeelekea pasipo na mtu, bonyeza triga usikie mlio. Ukiwa bado umeibonyeza, vuta slaidi na uiachie. Sasa legeza kidole taratibu, triga irudi mbele kwa mlio mdogo. Isiporudi, bastola haijafungwa sawasawa, hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Hilo ndilo swali lako, na naamini litakwisha hapo. Linalonikera ni hayo mafuta.

Pwani yetu hii, tangu Watamu hadi Lamu, watu wameshika imani kwamba kinga ya chuma dhidi ya bahari ni mafuta mengi. Mmoja anamwaga ya injini, mwingine anapaka ya nazi, wa tatu anapuliza dawa ya kulegeza kutu mpaka bastola inadondosha matone ndani ya ala. Wanaleta silaha imevimba tope jeusi na wanashangaa kwa nini haifyatui, ilhali "imetiwa mafuta".

Mafuta hayayeyushi chumvi. Chumvi iliyokwisha kukaa juu ya chuma, ukiipaka mafuta unaifunika tu ibaki pale pale na chuma. Na chumvi ina tabia ya kunyonya maji hewani: unyevu ukifika kama asilimia 75 inalowa yenyewe, na hapa kwetu kiwango hicho ni cha kawaida kabisa, kusi ndiyo usiseme. Kwa hiyo kinga inaanza kwa kuitoa chumvi, na mafuta yanafuata baadaye, tena kidogo. Kama unaibeba bastola kiunoni na jasho la Malindi unalijua, ipanguse kila jioni kwa kitambaa kikavu, kisha kingine chenye mafuta kiasi cha kung'arisha tu. Mtutu na springi ukitaka kuviosha, tumia maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe hadi ndani. Maji ya kisima usitumie. Visima vyetu vingi vya ufuoni vina chumvi, utakuwa unaongeza unachotaka kukiondoa. Ikitumbukia baharini, hiyo si kazi ya nyumbani tena, kwa sababu maji yamefika ndani ya slaidi mahali usipopafungua wewe.

Glock yenyewe inataka matone machache. Tone moja kila mfereji wa slaidi. Tone moja ndani ya fremu, kona ya nyuma upande wa kulia, pale mkono wa triga unapogusana na kibati kidogo. Mtutu kwa nje na dari ya slaidi unapanguswa kwa kitambaa chenye mafuta. Basi. Tundu la pini ya kupigia liachwe kavu, na ndani ya magazini vilevile. Ukilijaza mafuta tundu la pini, mchanga wa Mambrui na masizi ya baruti vinagandana humo, pini inakwenda kwa uvivu, inagusa fataki ya risasi bila nguvu. Unabonyeza, unasikia "tiki", hakuna kitu. Mafuta yakichuruzika ndani ya magazini yanaweza kupenya hadi kwenye fataki na kuiharibu risasi nzima. Mafuta ya nazi yana balaa la ziada: hewa ikipoa yanaganda. Na yale ya injini yaliyokwisha kutumika yamejaa masizi na asidi. Ukiyapaka ndiyo umepanda kutu kwa mkono wako. Ala ya ngozi nayo ni ya kuvaa, si ya kulaza. Ngozi inashika jasho na unyevu, na bastola inayolala humo usiku inaamka na madoa.

Sasa huyo jamaa wa pikipiki. Sina ubaya na mafundi wa pikipiki, wanaiweka nchi barabarani. Lakini chuma cha silaha kikishapungua kwa msasa hakirudi, na aliyekipunguza hatakuwepo siku inapokataa. Nimeona sehemu ya kupandishia risasi imepigwa tupa "ili ilainike", springi zimekatwa "ili triga iwe nyepesi", slaidi imesuguliwa kutu mpaka nambari haisomeki. Hili la mwisho lina hatari yake peke yake: Glock ina nambari kwenye slaidi, kwenye mtutu na kwenye kibati cha fremu, na cheti chako kimeandikwa kwa nambari hiyo. Ikifutika, wewe ndiwe utakayejieleza, yeye atakuwa anafunga cheni ya bodaboda ya mtu mwingine.

Na sheria haina maficho. Chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, kutengeneza bunduki na bastola kwa biashara ni kazi ya muuzaji silaha aliyesajiliwa. Kumwachia bastola yako mtu asiye na kibali, hata kwa saa moja, hata kama ni ndugu wa tumbo moja, ni kosa linaloweza kuigharimu leseni yako.

Kwa hiyo itazame ile nusu mwezi kwanza. Ukiikalisha springi na slaidi bado inakwama, au imegoma kwenda mbele na nyuma, usitie nguvu wala mafuta. Hakikisha haina risasi, ifunge kama ilivyo, chukua cheti chako, uipeleke kwa muuzaji aliyesajiliwa, na umweleze ilikwama wapi ulipoivuta.