Ukianza kusoma mazimwi wa kike wa Ugiriki ya kale, uliza kwanza nani anasimulia

Wengi wanaoanza somo hili wanakuja na Medusa kichwani, na kisa chao ni kimoja: alikuwa msichana mzuri, mungu wa bahari akamnajisi ndani ya hekalu la mungu wa kike Athena, na Athena akamwadhibu aliyedhulumiwa kwa kumgeuza nywele kuwa nyoka. Kisa hicho kinauma, na kisome. Ila ujue ni cha Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeandika kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 1 BK. Hesiod, Mgiriki aliyemtangulia kwa karne saba hivi, hataji hekalu wala adhabu. Kwake Medusa ni binti wa Phorcys na Ceto, mmoja wa Gorgoni watatu. Dada zake, Stheno na Euryale, hawafi wala hawazeeki. Yeye ndiye pekee wa kufa. Poseidon, yule mungu wa bahari, analala naye penye majani mororo na maua, kisha shujaa Perseus anamkata kichwa. Basi, hakuna zaidi.

Kwa hiyo kila sifa unayoiandika kwenye daftari, weka pembeni yake jina la aliyeisema na karne yake. Usipofanya hivyo, baada ya muda mfupi utakuwa na Medusa mmoja aliyeshonwa kwa viraka vya watu wasiojuana, na insha yako itayumba.

Halafu tazama picha. Wanafunzi huzipita haraka, na hapo wanakosa mengi. Kwenye hekalu la Artemis kisiwani Corfu, lililojengwa mwaka 580 KK hivi, Medusa amechongwa akikimbia, goti limekunjwa, macho yametoka, nyoka wawili wamefungana kiunoni kama mkanda. Kando yake wamo wanawe, Pegasus, farasi mwenye mabawa, na Chrysaor. Hao, kwa masimulizi, walitoka shingoni mwake Perseus alipomkata kichwa. Lakini hapa kichwa bado kipo! Mchongaji ameweka nyakati mbili mahali pamoja, na sura aliyoichonga haina dalili yoyote ya yule mrembo aliyeonewa. Kaa na jiwe hilo kabla hujasoma maelezo ya mtu yeyote.

Siren wa Homer, mshairi wa Kigiriki wa kale, wale wanaowanasa mabaharia kwa wimbo, ndio ninaowapenda kuliko wote. Homer hatuambii miili yao ikoje, ni wachoraji waliowapa mwili wa ndege na kichwa cha mwanamke. Mkia wa samaki ulikuja baadaye sana. Homer anawataja wawili. Chombo maarufu kilichoko British Museum, cha miaka ya 480 hadi 470 KK hivi, kinao watatu, na mmoja anaporomoka kuelekea baharini huku Odysseus, shujaa anayerudi nyumbani kutoka vita vya Troya, amefungwa mlingotini. Sasa soma maneno ya wimbo wenyewe, kitabu cha 12 cha Odyssey, utenzi wa Homer juu ya safari hiyo. Hawamwahidi mapenzi. Wanamwambia kwamba wanajua yote yaliyowapata Wagiriki na Watroya vitani, na kila litokealo duniani, na kwamba anayewasikiliza huondoka akijua zaidi. Wanamnasa kwa elimu, tena kwa habari zake mwenyewe.

Hapo ndipo ninapowaomba wanaoanza wasikimbilie jibu la "Wagiriki waliwaogopa wanawake". Lina ukweli ndani yake, lakini ukilitanguliza litakuzuia kuona kila zimwi anafanya nini hasa. Sphinx wa Thebes anaua kwa kitendawili. Echidna, nusu mwanamke nusu nyoka, kazi yake kubwa ni kuzaa: Cerberus, mbwa wa kuzimu, na Hydra, joka la vichwa vingi, ni wanawe. Scylla ana miguu 12, shingo sita, meno safu tatu, na sauti ya kitoto cha mbwa. Anawanyakua mabaharia sita, nao wanamwita Odysseus kwa jina huku mikono wameinyoosha. Odysseus anasema katika mateso yake yote ya baharini hakuona jambo la kusikitisha kuliko hilo. Woga wa Sphinx na woga wa Scylla si woga mmoja.

Kama huna mwalimu, anza na hicho kitabu cha 12, kisha mistari ya 270 hadi 336 ya Theogony, shairi la Hesiod juu ya nasaba ya miungu, ambamo ukoo wa Gorgoni na Echidna umepangwa. Ovid mwache hadi uwe umemaliza hao wawili. Mazimwi wengine, kama Harpy na Lamia, wanaweza kusubiri.