Kabla Hujakubali Meno Yako Mazima Yachongwe

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amepoteza gego la chini, na kwamba daktari amemwekea mbele njia tatu za kuziba pengo. Swali lake lilinigusa panapouma, kwa kuwa miaka tisa iliyopita mimi nililijibu kwa pupa, na jibu hilo likaniponza.

Nilipong'olewa gego, nilijiambia kwamba pengo la nyuma halionekani na mtu, nikaliacha kwa mwaka na nusu. Sikujua kwamba jino la nyuma yake lingeanza kulalia pengoni, wala kwamba gego la juu, kwa kukosa la kusagana nalo, lingeshuka polepole. Nilianza na jino la bandia la kuvaa na kuvua, ambalo ni nafuu kuliko mengine, lakini kibanio chake cha waya kilinikwaruza ulimi kila nilipozungumza, hata likaishia kulala ndani ya glasi ya maji usiku na mchana.

Ndipo nikakubali daraja. Ili jino la bandia lishikiliwe katikati, meno mawili ya pembeni huchongwa na kuvikwa kofia, na yangu yote mawili yalikuwa mazima. Kabla ya kuvikwa nilipewa kioo, nikaona vigingi viwili vyembamba mahali palipokuwa na meno mapana. Daraja lilinifaa kwa miaka sita, kisha jino moja likaoza chini ya kofia na daraja zima likatolewa. Hakuna aliyewahi kunionyesha namna ya kupitisha uzi chini ya daraja kila siku, na jambo hilo sijalisahau.

Leo nina vipandikizi viwili, yaani skrubu za titani zilizozamishwa katika mfupa wa taya. Ni Mswidi Per-Ingvar Brånemark aliyegundua kwamba mfupa hushikamana na titani, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wake wa kwanza. Mimi nilisubiri miezi mitano mfupa ushikamane, nikavikwa meno, na sasa natafuna pande zote mbili kwa fahari ambayo siifichi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiulize kwanza ni lipi litakalopendeza. Uliza meno ya jirani yatapatwa na nini. Yakiwa tayari yana viraka vikubwa, daraja ni uamuzi wa busara. Yakiwa mazima, yahurumie. Ukivuta sigara, acha, maana moshi huchelewesha kupona. Ukiwa na kisukari, kidhibiti kwanza. Na usikawie, kwa sababu mfupa wa taya usio na jino hupungua, hasa katika mwaka wa kwanza.

Aliyeniandikia anasema meno yake ya jirani hayana doa. Nimemsihi aombe eksirei ya taya, unene wa mfupa upimwe kabla ya lolote kuchongwa.