Mumeo akikukimbia ukilia, usikimbilie kusema hakupendi

Dada uliyeuliza kwa nini ukianza tu kulia mumeo anainuka anatoka, na kama hiyo ni dalili kwamba mapenzi yameisha, ngoja nikujibu kwa urefu kidogo maana hili nimeishi nalo kwenye ndoa yangu.

Wangu mimi hatoki, ila anageuka fundi. Nikianza kulia swali la kwanza ni nani kakuudhi, nimpigie simu saa hizi? Nikimwambia hakuna, basi anatafuta kitu cha kushika. Kuna siku nalia kwa sababu mama alikuwa anaumwa na hali ilikuwa mbaya, yeye kaja kakaa pembeni yangu kachukua chaja ya simu iliyochunika waya akaanza kuifunga selotepu, anazungusha taratibu, hanitazami usoni, mi nalia yeye anafunga chaja. Niliumia aisee. Halafu nikaangalia mikono yake, inatetemeka, selotepu inamgandia vidoleni na waya wenyewe haufungiki. Pale ndo nikajua huyu mtu kazidiwa, hajui aanzie wapi, na kuondoka pia hataki.

Baadaye nikaja kusoma kuhusu John Gottman na Robert Levenson, watafiti wa ndoa wa Marekani, walikuwa wanakalisha mke na mume waongelee ugomvi wao huku wamewekewa vipimo vya mapigo ya moyo. Gottman anasema mtu akizidiwa, moyo ukapita mapigo 100 hivi kwa dakika, hata unachomwambia hakimuingii vizuri, anajifunga kama ukuta, na waliokuwa wanajifunga zaidi ni wanaume. Ushauri wake ni muachane kwanza kwa dakika 20 au zaidi mwili utulie, ndo mrudi kuongea. Kwa hiyo mumeo kutoka inawezekana ndo anatafuta pumzi, ila kosa lipo pale anapotoka bila kusema anarudi saa ngapi, au anarudi na kujifanya hakuna kilichotokea.

Na wale wanaosema humu kwamba machozi ya mwanamke ni silaha na mwanaume wa kweli hayamgusi, hapana jamani. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Weizmann kule Israel waliwanusisha wanaume machozi ya wanawake, hayana harufu kabisa na wenyewe hawakujua wananusa nini, testosteroni, yaani homoni ya kiume, ikashuka. Mwaka 2023 wakapima na ukali, nao ukapungua. Yaani mwili wa mwanaume unaguswa hata kabla kichwa hakijajua, sasa huyo ambaye hayamgusi anatoka wapi?

Kitu kingine ambacho wanaume wengi hawakijui, kuna kulia kwa hasira. Mimi nikikasirika sana machozi yanatoka yenyewe, sijavunjika moyo, sihitaji kubembelezwa, nataka nisikilizwe hoja yangu, na yeye akiona machozi anaacha hoja anaanza kuniambia pole, pole, basi hasira inazidi mara mbili. Siku hizi namwambia wazi, haya ni ya hasira, endelea kunijibu. Na kama ni ya huzuni namwambia sitaki utatue kitu, kaa tu hapa. Kuna watakaosema kwa nini nimfundishe mtu mzima, angejua mwenyewe kama ananipenda. Mimi siamini hivo, wengi wao wameambiwa toka wadogo nyamaza, kwani wewe si mwanaume?, hawajawahi kukaa na kilio chao wenyewe, cha kwako watakiwezaje.

Ila dada naomba utofautishe. Anayekuona unalia akacheka, akakuigiza, au akakaa siku nzima hakusemeshi mpaka umuombe msamaha kwa kulia, huyo hajazidiwa na wala haya niliyoandika usiyatumie kumtetea. Huyo anakuumiza makusudi, tafuta mtu unayemwamini umwambie.

Kama wako ni wa kutoka tu, usimuulize palepale machozi yakiwa usoni maana hapo mtagombana tena. Subiri siku mmekaa vizuri, muulize ukiniona nalia huwa unaogopa nini, halafu nyamaza, mpe muda ajibu hata kama atachukua dakika nzima anaangalia chini.